Kilimia Kilichosafishwa

Wenzangu ninaoandika pamoja nao wanapenda sana nyota. Hakuna jioni ya kusomeana mashairi ambayo haina nyota ndani yake, na kila mara nyota hizo ni almasi, ni macho ya mpenzi, ni taa za malaika. Mimi nikisikia hivyo hunipanda puani harufu ya dawa ya picha, harufu ya siki iliyokaa na yai viza, na ulimi wangu huwa kama umeramba chuma. Nimezikaribia nyota kuliko wao. Nimelala chali chini yake juu ya gunia lililowahi kubeba samaki wakavu, machozi yakinitoka jicho moja, visubi wakiniingia mdomoni. Kiangazi kizima nilijaribu kuzipiga picha, hapa Nakuru, na mpaka leo nikikumbuka naona kinyaa.

Nilikuwa nimeajiriwa katika duka la picha karibu na stesheni ya gari moshi. Mwenye duka alikuwa Mhindi mpole mwenye pumu, aliyenifundisha kazi ya chumba cha giza kwa kunong'ona, kana kwamba sauti nayo ingeweza kuharibu picha. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, hata wateja waliomzidi umri, ndiye aliyekuwa fundi wa kusafisha. Alikaa dirishani mbele ya meza ndogo iliyoinama, bamba la kioo lililoshika picha likipitiwa na mwanga, na mkononi alikuwa na kisu chembamba kama unyoya, penseli iliyochongwa ikawa sindano, na pamba. Kwenye bamba kila kitu huwa kinyume, cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe. Kitone cheusi kikiachwa hapo, kwenye karatasi hutoka doa jeupe. Mama hakuacha kitone. Alikikwangua kwa ncha ya kisu, pumzi ameizuia, kisha akaegemea nyuma na kusema neno lake moja: "Safi."

Miaka hiyo hatukupiga harusi nyingi. Tulipiga picha za pasi, zile hati za kuonyesha kwenye vizuizi vya barabarani. Serikali ilitaka kila mtu awe na uso wake kwenye karatasi, na nyuso zilikuja kwa malori kutoka mashambani, zimejaa vumbi la safari. Niliwapanga watu kwenye benchi, nikawaambia watazame mbele na wasicheke. Hakuna aliyetaka kucheka. Wengine walitetemeka mpaka picha ikatoka na vinywa viwili. Nilizamisha nyuso hizo katika dawa mia baada ya mia, nikaziona zinanyanyuka kutoka kwenye maji kama maiti, na jioni nilipokula ugali vidole vyangu vilikuwa na rangi ya tumbaku na ladha ya sumu. Mama alizisafisha hata hizo za pasi, ingawa hakuna aliyemwomba. Alifuta makovu, chunusi, jasho, inzi aliyetua kwenye paji la uso. Kila aliyetoka mikononi mwake alifanana na yai la kuchemsha. Nilichukia. Nilitaka kupiga picha moja tu ya kitu ambacho hakiniogopi.

Ndipo darubini ilipoingia dukani. Mzungu mmoja wa upande wa Lanet alikuwa anarudi kwao, akaileta ifutwe vioo, ipigiliwe sandukuni, ingojee nafasi ya meli. Ilikuwa bomba nene la bati, refu kama mtu, kioo cha duara kitako chake, na ubavuni darubini nyingine ndogo kama mtoto mgongoni. Mwenye duka aliniambia, "Itazame ukitaka. Usiivunje." Nikaipandisha juu ya paa la saruji, pale Mama alipoanika pilipili. Amri ya kutotoka usiku ilikuwa bado inatubana, lakini paa ni ndani ya nyumba, na mbingu haikutajwa kwenye amri.

Nilianza na Kilimia, kwa sababu ndicho nilichokijua. Kwetu Subukia kila mtoto anakijua: kile kifungu kidogo cha nyota, ambacho kikiinamia magharibi baada ya jua kutua, baba yangu alitoa mbegu za mahindi darini. Ni nyota sita. Nilifundishwa kuzihesabu kabla sijafundishwa kuhesabu vidole. Basi nikaweka jicho, na sita zikapasuka. Zilikuwa nyingi kama punje zilizomwagika sakafuni, kubwa na ndogo, na baina yake palikuwa na kitu cheupe kisicho na umbo, ukungu, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Nilikaa pale mpaka umande ukanilowesha.

Sikukuu ilipofika nikaenda Subukia na habari hiyo. Mfukoni nilikuwa na kitu kingine pia: kurasa za kwanza za riwaya yangu, ambazo nilitaka kumsomea baba. Baba alikuwa nyapara katika shamba la Mzungu, mtu wa maneno machache na viatu vilivyopigwa mafuta, na hakuwahi kusikia hata mstari mmoja wangu. Nilianza na nyota. Kosa langu.

"Baba, Kilimia si nyota sita. Ni nyingi, hazihesabiki. Na katikati kuna ukungu."

Aliweka kikombe chini. Mama yangu na ami yangu walikuwapo, wakatulia kama watu wanaongoja mchezo.

"Baba yangu alihesabu sita," akasema. "Mimi nahesabu sita. Hata bwana wa shamba hili nilimwonyesha, akahesabu sita, na alikuwa amelewa."

Ami akacheka mpaka chai ikamtoka puani.

"Nimeona kwa darubini, Baba."

"Hiyo darubini ina vioo vingapi?"

"Viwili. Na kijicho cha kuchungulia."

"Basi. Kinyozi wa Nakuru aliniweka katikati ya vioo viwili nikaona vichwa vyangu vimepanga foleni mpaka ukutani. Sikurudi nyumbani nikamwambia mama yako nina vichwa kumi na vitano."

"Kimoja tu chamtosha," mama akasema. "Hicho chenyewe kina makelele."

Walicheka wote. Mimi nikatoa zile kurasa, labda kwa hasira, nikasema kwamba kama hataki nyota basi asikilize kitabu. Alizitazama kama mtu anavyotazama nyama asiyojua imechinjwa na nani.

"Tangu uanze hiyo kazi ya kalamu," alisema, "huwezi kuacha kitu kama kilivyo. Ukisimuliwa ng'ombe mmoja, wewe unasimulia zizi. Uongo wa mdomo una afadhali, maana mdomo huchoka. Wa karatasi hauchoki. Ukinisomea hayo, nitajuaje lipi ni kweli na lipi umejitungia?"

Kisha akatoa pasi yake mfuko wa kifuani. Ilikuwa imefungwa kwa kitambaa. Akaifungua na kunionyesha uso wake, ule niliokuwa nimeupiga picha mwenyewe na Mama wa dukani kuusafisha.

"Hii nilipita nayo kwenye kizuizi cha barabarani. Askari hakuuamini mdomo wangu. Aliiamini picha. Basi niletee picha ya hizo nyota zako. Nikiziona kwa macho yangu, utakaa hapo ulipo, utasoma kitabu chako chote, nami sitakohoa."

Nilirudi Nakuru nikiwa na wazimu. Nilikuwa sijui lolote. Nilidhani kupiga picha ya nyota ni kama kupiga ya karani: unafungua, unafunga, unamwambia aondoke. Kumbe mwanga wa nyota ni mchache mno; bamba, ndani ya kamera iliyofungwa kwenye darubini, hukaa wazi saa nzima na zaidi likiunyonya tone kwa tone. Na muda wote huo nyota hazitulii, zinasafiri, kwa hiyo mtu lazima azungushe skrubu polepole ili darubini izifuate, akichungulia nyota moja kwenye ile darubini ndogo ya ubavuni, asiiruhusu itoke kwenye msalaba wa nyuzi uliomo ndani. Akipiga chafya, picha imekufa.

Ule msalaba wenyewe ulikuwa umekatika. Kitabu kilichokuja na darubini, cha Kiingereza, kilisema hakuna uzi mwembamba wa kutosha ila wa buibui. Nikamtafuta buibui chooni, jike nene, nikamshika kwa kibanio na kumvuta uzi kutoka tumboni nikiuzungusha kwenye waya. Alijikunja, akanyoosha miguu, akajikunja tena. Tumbo lake lilikuwa laini kama zabibu iliyooza. Uzi ulitoka, ukazidi kutoka, unang'aa, na mimi nilikuwa nikimeza mate kuzuia kutapika. Tangu siku hiyo kila nilipoweka jicho kuitazama nyota, nilikuwa nikiitazama kupitia tumbo la yule buibui.

Bamba la kwanza lilitoka na mistari. Si nyota: mikwaruzo, kama shavu la mtu aliyepigana na paka. La pili vivyo hivyo. Nilifuata kitabu neno kwa neno. Kilisema miguu ya darubini iinuliwe mpaka mhimili wake, ule mtaimbo unaozungusha bomba, uelekee ile nyota ya kaskazini isiyosogea, na vipimo vya kuinua vilikuwa vimechorwa kwenye chuma chenyewe. Niliinua kama kilivyosema. Lakini hiyo nyota ya kaskazini sikuiona. Niliitafuta jioni nyingi upande wa mlima Menengai mpaka shingo ikakakamaa, nikadhani macho yangu ni mabovu.

Siku moja, nikiwa nimekasirika mpaka sitaki hata kuigusa, niliketi nikala mahindi ya kuchoma na kutazama nyota zikichomoza upande wa Lanet. Zilipanda wima. Hazikwenda mshazari kama kwenye michoro ya kitabu. Zilipanda kama ndoo inavyovutwa kisimani, zikapita juu ya kichwa, zikashuka wima upande wa pili. Ndipo nikaelewa kwamba kitabu kiliandikwa kwa ajili ya kwao. Huko ile nyota iko juu. Kwetu imelala ukingoni mwa dunia, nyuma ya Menengai, na mlima umeikalia. Mhimili ule haukutakiwa kuinuliwa hata kidogo. Ulitakiwa kulala chini kama ng'ombe aliyefungwa miguu. Nikailaza darubini ya watu juu ya matofali na magunia. Ilionekana vibaya, kama kitu kilichoanguka. Lakini nyota zilitulia.

Sijui ni kwa nini nilidhani ya kutangulia ndiyo mabaya. Lililofuata lilikuwa maji. Tangi letu lilikuwa juani, na maji yaliyotoka yalikuwa ya vuguvugu. Ule utando wa bamba umetengenezwa kwa kwato na ngozi zilizochemshwa, nao ukikutana na maji ya moto hurudi kuwa kwato na ngozi. Nilikuwa nimelinda bamba lile saa nzima jicho likiniwasha. Nikaliosha, na chini ya taa nyekundu nikaona Kilimia kinajitokeza, kisha kinajikunja, kisha kinateleza chote kutoka kwenye kioo na kunidondokea mkononi kama kamasi. Nilisimama nimeshika mbingu ya ute. Nilitupa ndani ya ndoo, nikanawa, nikanawa tena, na bado ulinata katikati ya vidole.

Mwenye duka alinong'ona kutoka mlangoni, "Maji baridi, kijana."

"Nitayapata wapi, Bwana?"

Mama ndiye aliyejibu, akiwa jikoni. "Mtungi wangu wa kunywa. Chukua. Lakini usitie mkono wako huo ndani." Akautazama mkono wangu wa kahawia, akakunja uso. "Unanuka kama hospitali."

Na hayo ya juu ya paa nayo yalikuwa na zamu yake. Upepo ulitoka ziwani, ambalo kiangazi kile lilikuwa limerudi nyuma likaacha magadi na mizoga ya ndege wekundu, na vumbi jeupe lenye uvundo likatua kwenye kioo cha darubini. Gari moshi la jioni lilipopanda mlima lilitema masizi. Korongo mmoja mkubwa mwenye upara alikuwa na tabia ya kulala kwenye bomba la maji juu yangu, na nikajifunza kutoka kwake kwamba si kila kianguacho kutoka mbinguni ni nuru. Visubi waliingia ndani ya bomba, wakajibandika kwenye kioo, wakafa wakinata. Kulikuwa na bamba moja nililolipenda kabla sijaliona, la jioni tulivu isiyo na upepo, nalo lilipotoka lilikuwa na nyota zenye matundu katikati, kila moja pete, kwa sababu sikuwa nimesogeza kamera mahali pake sawasawa. Kilimia kama mayai ya chura. Nilicheka peke yangu gizani, kicheko kibaya.

Wakati huo huo kwenye benchi nyuso zilizidi kuja. Asubuhi watu, jioni nyota, na vyote vikapitia dawa ile ile. Nilianza kuona vipele badala ya nyota na nyota badala ya vipele. Riwaya nilikuwa nimeiacha. Nikiketi kuandika, karatasi ilishika alama za vidole vyangu.

Barua ilipofika kwamba sanduku lipelekwe stesheni wiki hiyo hiyo, nilikuwa sina picha hata moja. Kilimia nacho kilikuwa kimeanza kuinama magharibi. Giza likishaingia vizuri, muda wake haukuwa mrefu kabla hakijaingia kwenye moshi wa mji. Jioni ile nililala juu ya gunia langu la samaki, nikaweka jicho kwenye uzi wa buibui, na sikulitoa. Machozi yalitiririka mpaka sikioni. Kisubi mmoja alitambaa kwenye kope, nikamwacha. Gari moshi lilipita, saruji ikatetemeka, nikaikumbatia ile darubini kama mgonjwa, mkono mmoja kwenye skrubu. Skrubu, nyota, skrubu, nyota. Nilipoinuka miguu ilikuwa imekufa ganzi, nikaangukia pilipili za Mama.

Katika chumba cha giza nilimimina maji ya mtungi. Bamba lilibaki kimya kwa muda, kisha vitone vikaanza. Si sita. Vilikuja kama watu wanavyotoka kanisani, mmoja, wawili, halafu mlango mzima. Vitone vyeusi, duara, vidogo, tulivu, na baina yake, bila haraka, kivuli chembamba cha ukungu kikijisokota kwenye zile kubwa, kama moshi wa jikoni unaokataa kutoka nje. Kile ambacho baba na babu na watu wote wa Subukia walikuwa wamekiangalia miaka yote bila kukiona, kilikuwa kimelala mkononi mwangu kikichuruzika maji. Hilo ndilo tukio moja la kiangazi kile lisilonitia kinyaa. Nililiweka bamba kwenye kichanja likauke, nikalala na viatu.

Kulipokucha lilikuwa halijakauka vizuri bado, na lori lilikuwa linanguruma nje. Nilitumwa Lanet kupiga picha za pasi za wafanyakazi wa shamba zima. Nilipita kwenye kichanja, nikalitazama, nikamwambia Mama, "Hilo bamba la mwisho ni langu. Ni Kilimia. Nitalichapa nikirudi." Akaitikia kwa kichwa kwa upole, akiwa na pini za nywele mdomoni.

Siku nzima nilipanga watu juani. Waliambiwa wavue kofia. Mzee mmoja aliuliza kama itauma.

Niliporudi jioni darubini ilikuwa imekwisha kwenda stesheni. Paa lilikuwa na matofali tu na magunia. Mama alikuwa ananingojea mlangoni, uso umechanua.

"Baba yako alikuja," akasema. "Mtu mzuri! Amekuja na lori la mahindi. Alikungoja sana. Nikampa chai, nikampa na picha yako."

"Picha ipi, Mama?"

"Ya nyota! Mimi mwenyewe nimechapa, nimeweka kwenye fremu. Siwezi kumwacha mzee aende mikono mitupu." Akashusha sauti, kama anayetoa siri ya kupendeza. "Lakini kijana, ile kioo yako ilikuwa chafu. Chafu sana! Vumbi kila mahali, na dawa imetia ukungu katikati. Nimekaa nayo tangu asubuhi. Macho yameniuma."

Nilimpita, nikaenda kwenye meza yake iliyoinama. Bamba lilikuwapo. Nililiinua kwenye mwanga wa dirisha. Pale palipokuwa na ule umati sasa palikuwa na uwazi laini, umekwanguliwa kwa mkono usiotetemeka, na ule ukungu ulikuwa umepanguswa kwa pamba na ile dawa ya manjano ya kupunguza weusi. Zilibaki nyota sita. Alikuwa amezitengeneza kwa penseli, zikawa duara kamili, zote za ukubwa mmoja, kama vifungo vya koti.

"Nilijua ni wao," Mama alisema nyuma yangu. "Bibi yangu alinionyesha nikiwa msichana mdogo. Ni wale kina mama sita, walionyonyesha mtoto mmoja wa Mungu. Sita. Nimewaacha wote sita, sikugusa hata mmoja. Tazama! Safi."

Alikuwa amepoteza siku yake na macho yake kwa ajili yangu, na alikuwa anangoja nifurahi. Nilisema ahsante. Neno lenyewe lilikuwa na ute, kama lile bamba lililoyeyuka.

Nilichelewa kwenda Subukia. Nilisema kazi ni nyingi. Nilipokwenda, mvua zilikuwa zimekaribia na mama yangu alikuwa amepaka chokaa ukuta wa ndani. Picha ilikuwa imetundikwa juu ya kiti cha baba, mahali pa heshima, katika fremu ya duka letu yenye maua kwenye pembe. Ami alikuwapo, na jirani mmoja. Baba alisimama kunipokea, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Huyu ndiye aliyeipiga," akamwambia jirani. "Haya, hesabu."

Jirani akahesabu kwa kidole. "Sita."

"Sita! Na huyu alikaa hapa akaniambia ni mia. Akaenda, akapiga picha, picha ikamsahihisha. Na hakuificha! Amenitumia mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya mtu mzima." Akanigeukia, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho nilikuwa nimekitafuta tangu nijue kushika kalamu. "Nilikupa neno langu. Kaa hapo. Toa hicho kitabu chako, soma. Leo nitakusikiliza, maana nimejua husemi uongo."

Kurasa zilikuwa mfukoni. Nilizitoa. Ami akavuta kigoda, mama akaja na kitambaa cha jikoni begani, hata kuku walifukuzwa. Nilitazama ukurasa wa kwanza, kisha vile vifungo sita ukutani. Ningesoma tu. Sauti ilikuwapo. Lakini kila neno ambalo lingetoka lingekuwa limepitia kwenye uongo ule wa ukutani.

"Baba," nikasema, "zimefutwa."

"Nini?"

"Nyota. Zilikuwa nyingi kwenye bamba, kama nilivyokuambia. Yule mama wa dukani amezikwangua kwa kisu. Alidhani ni vumbi."

Ami akapasuka kwa kicheko. "Mhindi amekwangua mbingu!" Alijipiga mapajani. "Na mwezi je, ameusaza?"

"Yule mama aliyenipa chai?" baba akauliza taratibu. "Alikaa siku nzima akifuta nyota?"

"Ndiyo, Baba."

"Na akasaza sita. Zile zile sita ambazo mimi nazijua, na yeye hajafika hapa hata siku moja."

"Na kwao ni sita. Bibi yake alimwambia."

"Basi!" jirani akasema. "Na kwao ni sita."

Nilisimama, nikaisogelea picha. Mama yangu alipokuwa akipaka ukuta, burashi ilikuwa imerusha matone, na kwenye kioo cha fremu, juu ya ule weusi, kulikuwa na vitone vya chokaa, vingi, vikubwa na vidogo, na mahali alipokuwa amejaribu kupangusa palibaki wingu jeupe. Nilishtuka. Sikupata kuona kitu kinachofanana zaidi.

"Zilikuwa hivi," nikasema, nikivionyesha kwa kidole. "Baba, tazama. Nyingi hivi. Na ukungu hivi, hapa katikati. Ilikuwa hivi hivi."

Baba alikuja. Aliinama, akakunja macho, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, hata nikaanza kupumua. Kisha akalamba kidole gumba, akapangusa kioo upande hadi upande, akalamba tena, akapangusa, mpaka zikabaki sita, zikimetameta mate.

"Chokaa," akasema. Akarudi kwenye kiti chake. "Na hizo karatasi zako zirudishe mfukoni."

Nikazirudisha. Zilinuka dawa.